Rangi ya Majani

Ukiitwa kwa mtu kumchagulia rangi ya nyumba, usikimbilie kuangalia ukuta. Ukuta hauendi mahali. Kaa kwanza. Ukipewa chai, kunywa, hata kama umetoka kunywa nyingine kwako. Nyinyi vijana mnaingia na simu mkononi, mnamwonyesha mama wa watu sebule za Ulaya, "chagua hapa, mathe," dakika mbili mmetoka mbio. Mwezi ukiisha mama anaangalia ukuta wake akishindwa kujua ni nani alimroga. Mimi nimeshika brashi Kibera na Kawangware tangu bendera ikiwa bado mpya, mpaka mkono ukaanza kutetemeka nikaiweka chini. Na siku niliyoelewa hii kazi ni ya nini, nilikuwa nimekaa kwa kiti cha wenyewe nikiangalia kikombe cha chai.

Nitafika huko. Msinisukume.

Naitwa Nzioka. Nilitoka Machakos nikitaka kuwa dereva, nikaishia kwa Mzee Rajabu, Mnubi wa Kibera, aliyekuwa fundi wa rangi. Mzee Rajabu alikuwa mkali kama pilipili. Ukiacha brashi ikauke na rangi, hakusemeshi mpaka kesho. Lakini alijua kazi. Wakati huo hakukuwa na mashine ya kukuchanganyia rangi ukisubiri na soda mkononi. Chokaa tulikoroga wenyewe kwa pipa, na ili ing'ae tulitia buluu ya kufulia nguo, kidogo tu. Ukizidisha, nyumba inakuwa kama shati la mtoto wa shule.

Yeye ndiye alinifundisha kwamba rangi mbichi ni muongo. Ikikauka inabadilika, na jioni inabadilika tena. Kwa hivyo paka kiraka nyuma ya mlango, uende zako, urudi asubuhi, urudi jua likishuka. Na uchukue mwenye nyumba aangalie na wewe. Watu wengi wanapenda rangi ikiwa kwa mkebe, halafu hawaitambui ikiwa ukutani.

Alinifundisha pia kutowasikiliza wateja, na hapo kidogo tulikosana, ingawa mara nyingine alikuwa na haki. Kulikuwa na jamaa mmoja wa Kitui, Mulwa, kapera, alikuwa na chumba Kibera chenye dirisha la ukubwa wa sufuria. Alitaka bluu iliyokolea, ukuta mzima na dari, ati kama mbingu. Nikamwambia, "Mulwa, mbingu iko na jua, hiki chumba hakina." Akakataa. Nikampiga bluu. Maze, huyo mtu alianza kuchelewa kazini. Asubuhi haikuwa inaingia kwake! Anaamka, anaona bado ni usiku, anajifunika tena, na huko nje watu wako saa nne. Alinirudia akiwa amenuna, tukapaka rangi ya maziwa juu ya bluu, mara tatu ndiyo ikakubali kufunika. Chumba chenye dirisha dogo kipe rangi nyepesi, na ukitaka kujionyesha kwa rangi kali, jionyeshe kwa mlango. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza.

Ya pili ni kusoma ukuta kabla ya kuuosha. Ukuta unasema nani anaishi hapo. Nyuma ya kiti cha baba utapata duara la mafuta ya nywele. Chini kabisa utapata udongo mwekundu wetu, ule mvua ikinyesha unaruka mpaka magotini, na hapo ndipo unapiga rangi ya mafuta yenye giza, mpaka kiunoni, ili mama apanguse na kitambaa tu. Vidole vya watoto viko juu kidogo ya udongo huo, vimetapakaa ovyo. Nilikuwa nasoma haya yote bila shida. Na bado kuna ukuta mmoja niliusoma vizuri kabisa, nikauosha, nisijue umeniambia nini.

Huo ulikuwa wa Mzee Karanja, Kawangware, upande wa kuelekea Satellite. Wenyewe walikuwa watu wa pale kitambo, wenye shamba kabla ya hizi ploti kuja. Nyumba ya mbao na plasta, aliyoijenga mzee mwenyewe akiwa kijana. Nyuma kulikuwa na ng'ombe mmoja ndani ya zizi. Aliyeniita ni mkewe, Mama Wambui, mama mfupi, mwepesi wa miguu, anaongea haraka. Binti yao Wambui alikuwa ameposwa, na Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kwa mazungumzo.

"Fundi, nataka hii sebule ikuwe safi," akaniambia. "Kuta zote rangi ya maziwa. Na milango na fremu zake zote, piga rangi ya majani."

"Maziwa na majani," nikasema.

"Eeh. Usisahau fremu. Fremu ndiyo ya maana."

Nikaletewa chai. Yangu ilikuwa na maziwa mengi, nzito, chai ya kukaribisha mgeni. Mzee Karanja alikuwa kwa kiti chake karibu na dirisha, mtu mrefu, kofia kichwani hata ndani ya nyumba. Yeye alikuwa na kikombe cheupe cha bati, na ndani ni turungi. Chai kavu, bila tone la maziwa. Mimi mdomo wangu haukuwa na breki siku hizo.

"Mzee, mtu mwenye ng'ombe anakunywa turungi?"

Mama Wambui akajibu kabla mzee hajafungua mdomo. "Ng'ombe imekauka, fundi. Hiyo yako nimeomba kwa jirani."

Mzee akapuliza turungi yake, akanywa. Mimi nikaona aibu, nikamaliza haraka nikaenda kutafuta ngazi.

Sasa sikia ule ukuta. Kutoka mlango wa chumba cha kulala mpaka kwa kiti cha mzee kulikuwa na mstari wa uchafu. Mstari mmoja, umenyooka, umeng'aa kwa mafuta ya mkono, kimo cha kiuno cha mtu mrefu. Nikauangalia nikajiambia, ni watoto. Lakini hapo hakukuwa na mtoto. Wambui mwenyewe alikuwa anaolewa! Na mtoto gani anafika kiuno cha mtu mrefu, halafu anapita mahali pamoja kila siku? Nikachukua sabuni na msasa, nikauondoa. Nikajisifu hata, ati umetoka wote.

Kuta zikapigwa maziwa. Asubuhi iliyofuata Mama Wambui akaenda sokoni, pale kituo kinachoitwa 56, kutafuta vitu vya wageni, nami nikaanza milango. Majani. Nikafikiria, majani ni mengi: kuna ya mkahawa yenye giza, kuna ya mgomba mchanga yale mepesi. Kwa vile ni mambo ya harusi, nikachagua ya mgomba mchanga. Kijani laini, karibu na maziwa kabisa, mambo ya kisasa. Nilipomaliza fremu ya mlango wa chumba nikarudi nyuma nikaangalia, nikajipigia makofi moyoni.

Mlango ukafunguka kutoka ndani. Mzee Karanja akasimama pale, mkono wake wa kulia ukienda ukutani.

"Rangi mbichi, mzee! Usiguse ukuta, wala fremu."

Mkono ukarudi haraka kama umechomeka. "Sawa," akasema. Akasimama kidogo, akapiga hatua, na akaingia moja kwa moja kwa fremu. Bega kwanza, halafu kipaji cha uso. Kofia ikaanguka. Alipoinua uso, alikuwa na mstari wa kijani kutoka nywele mpaka kwa nyusi.

Akasema, kwa sauti ndogo sana, "Nani ameweka mlango hapa?"

Vijana, nyumba ile aliijenga kwa mikono yake. Mlango ule alikuwa amepita maisha yake yote. Mimi nilikuwa nimesimama na brashi inadondosha rangi sakafuni. Nikamshika mkono nimsaidie, akauvuta kwa nguvu. Basi nikaokota kofia nikaiweka mahali mkono wake ungeipata.

Ndipo Mama Wambui akaingia na kikapu. Akaona mlango. Akaona kipaji cha bwana yake.

"Ngai! Fundi, hii ni nini?"

"Ni majani, mama."

"Majani gani haya?"

"Si ulisema rangi ya majani?"

"Majani! Majani!" Akakimbia jikoni, akarudi na pakiti ya majani ya chai, akanishika kiganja akanimwagia. "Haya ndiyo majani! Hiyo umepaka ni grini!"

Nikaangalia kiganja. Kahawia, karibu nyeusi. Sasa mimi Mkamba nitajuaje? Mnajua Kikuyu cha Mama Wambui? Nyasi ni nyeki, majani ya mti ni mathangu, kijani wanaita grini tu. Neno majani kwao liliingia ndani ya pakiti ya chai, na likabaki humo humo kwa pakiti. Mama Wambui hakuwa amekosea hata kidogo. Nami kwa Kiswahili changu sikuwa nimekosea. Na mzee alikuwa na nundu.

Siku nyingine tungecheka mpaka tushikane mbavu. Lakini Mama Wambui hakucheka. Alichovya kitambaa kwa mafuta ya taa akaanza kumpangusa mzee kipaji, polepole.

"Rangi ya giza ndiyo anataka," akaniambia bila kunitazama. "Aione."

"Mama Wambui," mzee akasema kwa ukali. "Usiseme."

"Sijasema kitu."

Mzee akageuza uso upande wangu. "Sema tu. Huyu ameshaona. Ni mimi sijaona."

Basi wakaniambia. Macho ya mzee yalikuwa yanaenda, pole pole, kama koroboi inayoisha mafuta. Alikuwa anaona mwanga, anaona kitu cheusi kikiwa mbele ya cheupe, basi. Hakuna aliyejua nje ya nyumba ile. Kwenda kwa kiti chake alikuwa anashika ukuta, na ule mstari niliouosha kwa raha ndio ulikuwa njia yake. Na Jumamosi, wakwe wakishaketi, ilikuwa lazima baba wa nyumba atoke chumbani, awasalimu wote kwa mkono, mmoja mmoja, halafu akae kwa kiti chake. Hivyo ndivyo alivyotaka iwe.

"Sitaongozwa kama mbuzi mbele ya wakwe," akasema. "Wakiniona nimeshikwa mkono, watazungumza na nani? Watasema huyu mzee ameisha, waitiwe mwingine. Wambui ni mtoto wangu. Nitamtoa mimi."

Mama Wambui akasema nisimwambie mtu. Nikaapa. Na leo nasema kwa sababu wote wawili wamelala, na nafikiri wangekubali.

Sasa kazi. Nilichukua vipande vya mbao, nikapaka kila kimoja rangi yake, kahawia ya aina nne tano. Nikavishika mbele ya ukuta mweupe, mzee akiwa amesimama karibu na kiti chake. Nikamuuliza anaona kipi.

"Vyote," akasema.

Nikaviondoa, nikamwonyesha ukuta mtupu bila kipande. "Na sasa?"

"Hiyo pia nzuri."

Mama Wambui akaangalia chini. Hasira ikanipanda, si kwa mzee, kwangu mwenyewe, kwa sababu nilikuwa namfanya adanganye ndani ya nyumba yake. Nikakaa kwa kiti. Nikaona kile kikombe cheupe cha bati kwenye meza, na turungi nusu ndani. Nikakiinua, nikakiinamisha mbele yake.

"Mzee, hii je?"

Akacheka kidogo kwa mara ya kwanza. "Hiyo imebaki nusu. Na usiimwage, ni yangu."

Basi! Hapo nikaelewa turungi ni ya nini. Turungi ndani ya kikombe cheupe alikuwa anaiona ikipanda, anajua ikijaa, anajua ikiisha. Chai ya maziwa ndani ya kikombe cheupe ingemmwagikia mapajani. Nikamwangalia Mama Wambui, akaniangalia. Na huko nyuma, vijana, ng'ombe aliyekauka akalia, na kiwele chake nilikuwa nimekiona kimejaa asubuhi nikienda kuosha brashi. Nikafunga mdomo wangu. Ilikuwa wakati wake kufungwa.

Nikaweka kile kikombe juu ya ngazi, nikachanganya rangi ya mafuta nikikiangalia. Kahawia, nyekundu ya udongo kidogo, nyeusi kidogo, nikikoroga na kulinganisha, nikikoroga na kulinganisha. Fremu zote zikapigwa turungi. Nikavuta mkanda wa rangi hiyo hiyo chini ya ukuta, kutoka mlango wa chumba mpaka kwa kiti, ili sakafu iwe na mpaka. Mikono ya kiti nayo nikaipaka. Mama akatandika vitambaa vyeupe kwa viti vya wageni, ili mtu mwenye koti jeusi akiketi aonekane. Hiyo ilikuwa akili yake, si yangu. Mzee akafanya mazoezi kila jioni akienda na kurudi, huku anatugombeza sisi kwa kumwangalia.

Jumamosi nikaalikwa. Nilivaa shati la Krismasi, nikakaa karibu na dirisha. Wakwe wakaja, wakaketi, wamama wao wakaweka viondo vyao chini, mbele yao, pale pale kwa njia ya mzee. Vikapu vya katani, rangi ya vumbi, juu ya sakafu rangi ya vumbi. Hapo mzee hangeviona. Mlango wa chumba ukafunguka, mzee akasimama katikati ya fremu yake, amenyooka, koti safi.

Mama Wambui akasema kwa sauti ya furaha, kama mtu anayecheza, "Haiya, viondo vya wageni vikae jikoni, si njiani! Leteni, leteni." Akavikusanya vyote. Mzee akangoja, kama anawapa muda. Halafu akatoka.

Akafuata mkanda wangu. Hakushika kitu. Akafika kwa koti la kwanza, akatoa mkono, akasalimu, akataja jina la ukoo, akatania. La pili. La tatu. Alipomaliza akarudi nyuma hatua moja, mkono wake ukaupata mkono wa kiti, akakaa. Mzee mmoja wa wale wakwe akaangalia milango, akasema, "Karanja, milango yenu mmeifanya giza hivi kwa nini?"

"Ndiyo ionekane," Mzee Karanja akajibu. Watu wakacheka, mazungumzo yakaanza, na Wambui akatolewa na baba yake.

Wageni walikunywa chai ya maziwa. Yeye alikunywa turungi.

Hiyo ilinikaa rohoni wiki nzima. Nilipokuwa narudi kuchukua ngazi yangu, nikapitia 56 nikatafuta kikombe cha plastiki cheusi ndani na nje. Nilimkuta mzee peke yake sebuleni, jua linaingia. Nikamwekea mkononi.

"Hiki ni cha nini?"

"Cha chai ya maziwa, mzee. Ndani ni cheusi. Maziwa utayaona yakipanda."

Akakigeuza geuza, akakisogeza karibu na uso. Halafu akainama kwangu akapunguza sauti.

"Fundi. Mama alikuambia ng'ombe imekauka?"

"Ndio, mzee."

"Mimi pia aliniambia. Tangu nimwage chai mbele ya watu wa kanisa, ng'ombe ikakauka siku hiyo hiyo." Akatabasamu. "Na kila asubuhi nalala pale nasikia akikamua. Ndoo inajaa kabisa. Ni macho yameenda, fundi, si masikio."

"Sasa mbona hukusema? Na turungi hupendi!"

"Siipendi hata kidogo. Lakini ningesema nini? Mtu amekutafutia uongo mzuri hivyo, utamrudishia?"

Mama Wambui akaingia na ndoo ya maziwa, akatukuta, akasimama, akataka kuificha nyuma ya gauni. Ndoo nzima! Mzee akainua kile kikombe cheusi juu.

"Mama Wambui, nasikia ng'ombe imerudisha maziwa."

Akamwangalia yeye, akaniangalia mimi, akaangalia kikombe. Macho yake yakajaa.

"Imerudisha," akasema. "Jana tu."

Akaenda akapika chai, tukaisikia ikichemka na kupanda. Akaja na birika, akaanza kummiminia, akikaribia kwa hofu kama alivyozoea, mkono wa pili tayari na kitambaa. Mzee alikuwa ameinamia kikombe, anaangalia. Chai ikapanda nyeupe ndani ya nyeusi, ikapanda, na kabla mama hajainua birika, mzee akasema, "Hapo. Inatosha."